Insha ya Maksi Tano



Kasisi wetu aliniomba niandike kidogo juu ya malezi ya vijana, kwa kuwa nilifundisha kwa miaka 38 kabla ya kustaafu. Nilikubali. Lakini nilipokaa mezani, kalamu ilikataa kwenda kwenye malezi kwa jumla. Ilikwenda kwenye jambo moja tu ambalo limenisumbua muda mrefu, nalo ni hili: mwalimu anapompa mtoto insha ya kuandika juu ya mtu mashuhuri, au juu ya kitabu alichosoma, anamwomba nini hasa? Anamwomba ukweli au anamwomba sifa? Na mtoto anayeandika asichokiamini ili apate maksi, je, amesema uongo? Kama amesema uongo, dhambi hiyo ni ya nani?

Najua wako watakaosema kwamba hili ni jambo la shule na halina nafasi katika gazeti la kanisa. Naomba wanivumilie mpaka mwisho.

Aliyenichokoza ni binti wa jirani yangu hapa Mlandege, mwanafunzi wa kidato cha nne. Ilikuwa jioni ya mwezi wa saba, baridi imekaza, nami nimejifunika khanga mbili juu ya sweta. Alinipa shikamoo, akaketi karibu na jiko la mkaa, akanipa daftari. "Bibi, nisahihishie. Kesho tunakusanya." Insha ilihusu Takadini, kile kitabu cha Ben Hanson kilichosomwa miaka mingi katika kidato cha tatu na cha nne. Kwa wale wasiokijua, ni habari ya mama mmoja, Sekai, ambaye alingoja mtoto kwa muda mrefu, na alipompata alikuwa mwenye ualbino. Mila za pale kijijini hazikutaka mtoto wa namna hiyo aishi. Sekai akatoroka naye.

Binti aliandika dhamira sita, zimepangwa kama matofali: mila potofu, nafasi ya mwanamke, mapenzi ya dhati, ukombozi, na nyinginezo. Kila moja ina aya yake, na kila aya inaanza kwa maneno yale yale. Hakuna kosa hata moja la tahajia. Nikamwuliza, "Je, wewe Sekai ulimwonea huruma?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa namba ya kiatu chake. Kisha akasema kwa adabu kabisa, "Bibi, hilo halina maksi."

Kumbe kitabu chenyewe hakukisoma. Vitabu shuleni ni vichache, naye alikuwa na kijitabu cha maswali na majibu alichotolewa kopi kwenye duka la stesheneri hapa chini, na yaliyopungua aliyapata kwenye simu. Siku hizi simu ukiiuliza vizuri inakuandikia insha nzima kabla maji ya chai hayajachemka. Nilitaka kumkemea. Lakini lile neno lake lilinifunga mdomo, kwa maana nalijua lilikotoka. Ni sisi walimu tuliolipanda, na mimi nina jembe langu katika shamba hilo.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari ya mkoa huu, nikifundisha Kiswahili kidato cha pili. Tulikuwa tunamngoja mkaguzi, na madaftari ya insha yalitakiwa yawe safi. Basi nikatunga kichwa cha insha ambacho nilijivunia sana: "Tunavyomkumbuka Mtwa Mkwawa nyumbani kwetu." Niliona nimefanya jambo jipya. Badala ya kuwauliza watoto yaliyomo kitabuni, nimewauliza yaliyomo nyumbani kwao. Ili kuwasaidia, niliandika ubaoni mambo ya kukumbuka: vita vya Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ambapo jeshi la Wajerumani lilishambuliwa na kamanda wao Zelewski akauawa, kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwezi Oktoba 1894, miaka karibu minne ya kuwindwa porini, na tarehe 19 Julai 1898, siku Mtwa alipojipiga risasi asije akakamatwa akiwa hai.

Wanafunzi walikuwa 41. Madaftari 40 yaliniletea ubao wangu mwenyewe. Walibadilisha neno hapa na neno pale, wakaongeza "shujaa wetu" na "daima tutamkumbuka". Watoto wa Kihehe, wa Kibena, wa Kikinga, na mmoja ambaye baba yake alitoka Kigoma kufanya kazi ya ujenzi, wote nyumbani kwao walimkumbuka Mkwawa kwa maneno yale yale. Nilifurahi. Nikawapa 14, 15, mwingine 17.

Daftari moja lilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, mwandiko mbaya, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika. Kijana huyo alimaliza habari za Lugalo kwa mistari minne. Kisha akaandika kwamba nyumbani kwao anayemkumbuka Mkwawa ni bibi yake, kwa sababu mama wa huyo bibi alikuwa Msangu. Alitekwa akiwa mtoto mdogo katika vita vya Wahehe na Wasangu, akaletwa Uhehe, akapewa jina jingine, akakua, akaolewa, akazaa. Alipokuwa mzee watoto walimwuliza jina lake la kwanza ni lipi, akajibu kwamba amelisahau. Mwisho kijana akaeleza (nakumbuka maana yake, maneno yenyewe siyakumbuki) kwamba bibi yake hamchukii Mtwa, na kwenye sherehe humwimba kama watu wengine, ila usiku akisali humtaja pia yule mtoto aliyepoteza jina.

Nilimpa maksi 5 kati ya 20. Pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu: Umetoka nje ya swali.

Ndugu zangu, tazameni tena kichwa cha insha ile. Katika darasa zima, ni yeye peke yake aliyekuwa ndani ya swali.

Kwa nini nilifanya vile? Sababu moja ni mkaguzi. Niliogopa kuulizwa ni uzalendo gani ninaoufundisha. Sababu ya pili naisema kwa aibu. Mimi ni Mhehe, nimelelewa njia ya Kalenga, na nilipoisoma insha ile niliona kama mtoto amekuja na matope miguuni akapita juu ya kaburi la babu yangu. Sikujiuliza kama aliyoyasema ni kweli. Nilijua kwamba ni kweli. Kila Mhehe wa umri wangu amesikia kwamba katika nyumba nyingi za Uhehe kulikuwa na akina bibi waliotoka kwingine, Usangu, Ugogo, Ubena, na hawakuja kwa posa. Tulijua, na tulinyamaza kwa heshima. Yule kijana hakutukana mtu, alijibu tu.

Alipokea daftari akasema, "Asante, Mwalimu." Tangu siku hiyo insha zake zilinyooka. Zikawa kama za wenzake, akapata 15, mara nyingine 16. Nami nilijiona nimemrekebisha.

Lakini mazoea haya sikuyabuni mimi. Mwaka 1974, nikiwa mwenyewe mwanafunzi wa kidato cha pili, tulipewa insha juu ya kiongozi aliyejitoa kwa ajili ya wananchi, nami nikamchagua Dk. Wilbert Kleruu. Wazee wa hapa hawahitaji kuelezwa. Alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa wakati wa kuanzisha vijiji vya ujamaa kule Isimani, na siku ya Krismasi mwaka 1971 alipigwa risasi na mkulima wa mahindi, Saidi Mwamwindi, katika shamba la Mwamwindi. Mkulima yule aliubeba mwili kwenye gari la Mkuu wa Mkoa mwenyewe, akauleta polisi mjini. Alishtakiwa, akahukumiwa, akanyongwa. Chuo cha ualimu cha hapa Iringa kikapewa jina la Kleruu.

Mjomba wangu alikuwa na ekari chache kule Isimani. Nyumbani kwetu habari hii ilizungumzwa kwa sauti ya chini, milango imefungwa, na sikumbuki kusikia mtu akifurahi. Nilisikia watu wazima wakimlilia marehemu aliyeuawa siku ya kuzaliwa Bwana, na wakamlilia muuaji pia, na mashamba pia, yote katika kikao kimoja. Mama yangu alisema mauaji ni mauaji. Mjomba akasema ndiyo, dada, lakini. Na ile "lakini" haikumaliziwa. Mimi katika insha yangu sikuweka "lakini" yoyote. Niliandika kurasa tatu za sifa tupu na nikasomewa mbele ya darasa. Hakuna neno nililoliandika ambalo lilikuwa uongo, ukilitazama peke yake. Hata hivyo nilipokuwa narudi nyumbani na daftari lile sikumwonyesha mjomba.

Basi, je, nilisema uongo?

Mwenzangu mmoja mstaafu, ambaye tumebishana tangu tukiwa na meno yote, ananiambia kwamba najitesa bure. Mwanafunzi, anasema, haapi. Insha ni zoezi la lugha kama mdahalo ulivyo zoezi la kusema. Katika mdahalo mtoto anaambiwa, wewe utapinga hoja, naye anapinga kwa nguvu zote hata kama moyoni anaunga mkono, na hakuna anayemwita mwongo. Mbona umwite mwongo anayemsifu Mkwawa kwa sababu ameagizwa amsifu?

Hoja yake ina nguvu, na nimeifikiria sana. Nakubali nusu yake. Katika mdahalo watu wote ukumbini wanajua kwamba pande zimegawanywa, hakuna anayedanganyika. Vivyo hivyo mtihani. Swali la mtihani likisema "thibitisha kwamba mwandishi amefaulu kuonyesha mila potofu", mtoto anayethibitisha hatoi ushuhuda wa moyo wake. Anafanya kazi ya kibarua aliyepewa kipande chake. Atalipwa kwa kipande. Siwezi kumwita mwongo, na mitihani siwezi kuipinga, maana bila mitihani mtoto wa maskini hapa Mlandege hatajulikana kama ana akili kuliko mtoto wa tajiri.

Lakini mimi sikuwapa watoto wale mtihani. Niliwauliza, ninyi kwenu mnamkumbukaje? Hilo ni swali ambalo jibu lake analo mwulizwa peke yake. Ukimwuliza mtu swali la namna hiyo, kisha ukampiga kwa sababu amelijibu, umemfundisha kitu kibaya kuliko uongo. Umemfundisha kwamba kuulizwa ni mtego. Wale 40 walikuwa wameshajifunza hilo zamani, ndiyo maana hawakuhangaika kuwauliza bibi zao. Yakobo katika waraka wake anatahadharisha watu wasikimbilie kuwa walimu, kwa sababu mwalimu ataulizwa zaidi. Zamani nilidhani anasema juu ya wahubiri tu.

Hapa mtu mwingine atasema: Mwalimu, unataka watoto wa miaka 15 wawahukumu mashujaa? Taifa bila mashujaa litasimama juu ya nini? Na adabu kwa marehemu iko wapi?

Swali hili ni gumu kwangu kuliko la mwenzangu, kwa sababu mimi ni mtu wa heshima ya wazee. Simwondoi Mkwawa mahali pake. Wageni walikuja kuchukua nchi, naye akakataa, na gharama ya kukataa kwake aliilipa mpaka mwisho. Hata kichwa chake kilibebwa kwenda Ujerumani, kikadaiwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na hakikurudi mpaka Gavana Twining alipokileta Kalenga mwaka 1954. Kipo pale kwenye jumba la kumbukumbu, na kila nilipowapeleka watoto kukiona nilivua viatu moyoni. Haya yote ni kweli. Na yule mtoto wa Kisangu aliyesahau jina lake ni kweli pia. Tena ukweli wake unasaidia kueleza mambo ambayo ubao wangu haukuyaeleza, kama vile kwa nini Merere wa Usangu alikuwa upande wa Wajerumani vita vilipopamba moto. Katika madaftari ya wanafunzi wangu Merere alikuwa "msaliti" tu, bila sababu, kama mtu aliyezaliwa na ugonjwa huo. Na Mpangile, ndugu yake Mkwawa mwenyewe, ambaye Wajerumani walimtawaza mwishoni mwa 1896 na wao wenyewe wakamnyonga mapema 1897, huyo hakuandikwa kabisa. Tungemweka wapi? Kwenye safu ya mashujaa hakuingia, na kwenye safu ya wasaliti Wajerumani walimtoa kwa kamba yao.

Katika kuhangaika na jambo hili nilisaidiwa na Biblia, tena mahali ambapo sikutegemea. Msomaji aweza kulinganisha mwenyewe. Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 11, kinaanza na vita vya Raba, na Daudi amebaki Yerusalemu. Kisha yanafuata mambo tunayoyajua, Bathsheba, na Uria aliyepelekwa mstari wa mbele ili afe. Sasa fungua kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 20. Vita ni vile vile, Raba ni ile ile, Daudi amebaki Yerusalemu vile vile, na mara mji umeshapigwa na taji iko kichwani pake. Bathsheba hayupo. Uria hafi.

Ni insha mbili juu ya mtu mashuhuri mmoja. Simsemi vibaya mwandishi wa Mambo ya Nyakati. Dhambi ya Daudi ya kuhesabu watu ameiandika katika sura inayofuata, wala hakuwa mtu wa kujipendekeza. Alikuwa na shabaha yake, hekalu na ibada, na pengine aliwaandikia watu waliovunjika moyo waliohitaji kukumbushwa ukuu wao. Mimi naweza kumwelewa. Lakini tafakarini kama kanisa lingekuwa na insha yake peke yake. Zaburi zile za toba tungezisomaje? Na Mathayo, anapoandika kizazi cha Bwana wetu, angeweza kupita kimya kimya. Hakupita. Amemtaja Sulemani kuwa mtoto wa yule aliyekuwa mke wa Uria, akaacha jina la Uria pale pale mlangoni mwa Injili, mahali ambapo kila msomaji atajikwaa nalo. Na Daudi hakuondolewa katika kizazi. Wote wawili wamo.

Baba wa Taifa naye ana insha ambayo napenda kila mwalimu aijue. Mwaka 1944, akiwa mwanafunzi wa Makerere, Julius Nyerere aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake. Alikuwa amemsoma John Stuart Mill, Mwingereza aliyechapisha mwaka 1869 kitabu juu ya wanawake kuwekwa chini ya wanaume. Kijana mwingine angeyanakili mawazo ya Mill vizuri, akapata maksi zake, akaenda kula. Nyerere aliyachukua akayapeleka Uzanaki, kwa wanawake aliowajua. Kumbukeni kwamba baba yake, Chifu Nyerere Burito, alikuwa na wake 22, na Mgaya, mama yake Julius, alikuwa mmoja wao. Alikuwa kijana wa miaka 22, baba yake ameshafariki, na alikuwa na kila sababu ya kunyamaza kwa adabu. Insha hiyo ilichapishwa mwaka 2009, miaka kumi baada ya kifo chake. Nilipoisikia mara ya kwanza nilijiuliza mara moja: mimi ningempa ngapi? Na jibu nililojipa sikulipenda.

Ajabu ni kwamba sasa watoto wanaandika juu ya Nyerere kama wale 40 walivyoandika juu ya Mkwawa. Azimio la Arusha 1967, umoja, amani, Kiswahili, basi. Yeye mwenyewe mwaka 1984, mwaka ule ule wa insha yangu, alikiri katika mahojiano kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Aliyekiri kosa lake kwa mdomo wake, sisi tunamwandika bila kosa. Sijui kama hiyo ni heshima.

Lakini nisieleweke vibaya. Siku hizi kuna vijana wa namna nyingine, ambao wakishasoma mistari kumi kwenye simu wanawaangusha wakubwa wote kwa siku moja. Mkwawa alikuwa mkatili, Nyerere aliharibu uchumi, wamisionari walikuwa wapelelezi, kwisha. Mmoja aliniambia haya kwenye daladala, akitafuna muwa. Nikamwuliza, "Mwanangu, bibi yako anasemaje?" Hakujua. Naye amenakili tu kama wale wengine, ila ubao alionakili ni mwingine. Yule kijana wangu wa 1984 alikuwa tofauti na wote, kwa sababu aliandika kitu ambacho kwake kilikuwa na gharama, na hakukiandika kwa furaha. Alimpenda bibi yake, na alimheshimu Mtwa, na hakujua la kufanya na mapenzi hayo mawili, akayaweka yote kwenye ukurasa mmoja na nusu akamletea mwalimu wake amsaidie. Mwalimu akampa 5.

Nilikutana naye mwaka 2019, msibani, upande wa Rujewa. Ni mtu mzima mwenye mvi, ana mashamba ya mpunga. Alinitambua yeye kwanza, akaja kunishika mikono. Nilikuwa nimeyabeba maneno yangu kwa miaka 35, nikayasema pale pale chini ya mwembe, watu wakipita na masufuria: kwamba insha yake ilikuwa nzuri, na kwamba nilimdhulumu, anisamehe.

Alijaribu kukumbuka. Maksi hakuzikumbuka kabisa. Wala maandishi yangu mekundu. Alikumbuka kitu kingine ambacho mimi sikukijua: kwamba kabla ya kukusanya alikuwa amemsomea bibi yake insha ile usiku, kwa kibatari, naye bibi alimsahihisha mahali pamoja. Alikuwa ameandika kwamba mtoto yule alikuwa na miaka minane. Bibi akasema, futa hapo, hatujui alikuwa na miaka mingapi, usiandike usichokijua.

Nikamwuliza daftari liko wapi. Akacheka. Akasema mama yake aliuza vitumbua miaka ile, na karatasi zilikuwa adimu.

Sikupata faraja niliyoitarajia. Ningependa anikasirikie kidogo. Mtu akisema "nimekusamehe" kwa jambo analolikumbuka, mzigo unashuka. Lakini yeye alisema "hakuna neno, Mwalimu", kwa jambo ambalo hakulikumbuka, na mzigo nikarudi nao Iringa kwenye basi lile lile. Kwa upande mwingine, nimewaza hivi: mwaka ule mtoto alikuwa na wasahihishaji wawili, na mmoja wao, ambaye hakujua kusoma, alifanya kazi ya ualimu.

Sasa nimalizie ya binti wa jirani. Sikumwambia habari hizi. Nilimwambia tu kwamba insha yake akusanye kama ilivyo, mwalimu wake ana utaratibu wake na mimi sitaingilia. Lakini mimi nina nakala ya Takadini kabatini, aichukue, aisome, halafu aniandikie kurasa mbili zangu mimi, zisizo na dhamira hata moja. Alinung'unika. Wiki mbili zikapita nikadhani amesahau. Jumamosi moja akaja asubuhi na mapema, hajanawa uso vizuri, kitabu amekibana kwapani.

Kurasa zilikuwa tatu, makosa ya tahajia tisa. Alikuwa amemkasirikia Sekai. Hakumwonea huruma kama nilivyotaka mimi. Alisema Sekai alifanya vema kumwokoa mtoto, lakini angepaswa kuwaambia watu wake kwanza, maana yeye binti mama yake aliondoka nyumbani bila kusema, akiwa yeye na miaka sita, na mpaka leo hajui kama aliondoka kwa ajili yake au kwa sababu yake. Kuhusu kitabu nadhani hana haki. Sekai asingeweza kusema. Angesema, mtoto angekufa. Nilitaka kumweleza hivyo, nikashika kalamu, nikaiweka chini tena.

"Bibi," akasema, "unanipa ngapi?"

Nikamwambia mimi nimestaafu, alete sufuria tupike uji.